Kuku Vipofu wa Daktari

Shemeji yangu tunamwita Daktari, na jina hilo alijipa mwenyewe. Aliwahi kuuza dawa za mifugo kwenye duka la mtu, akafukuzwa, lakini kiburi akakibeba mpaka nyumbani. Simpendi, sijawahi kumpenda, na sitajifanya.

Dada yangu aliuza cherehani yake akanunua kuku mia wa mayai. Hao ndio tegemeo lake lote. Daktari hakutoa hata msumari wa banda, ila kuku walipofika akajifanya bosi. Chakula akachanganya yeye: mahindi meupe, pumba, na kijiko cha unga wa vitamini. Mfuko wa unga huo aliuweka dirishani, mdomo wazi, ili wageni wasome maandishi yake. Jua likaupiga miezi na miezi. Dada akitaka kuwatupia kuku mchicha, anafokewa.

"Hawa ni kuku wa kisasa, we mwanamke! Majani kawape mbuzi."

Baadaye macho ya kuku yakaanza kuvimba na kugandana, yakijaa uchafu mweupe mzito. Mayai yakapungua. Daktari akasema ni mafua, akawapiga sindano. Wakafa. Akabadilisha dawa, wakafa zaidi. Mwisho akamgeuzia dada kibao, eti hafagii banda.

Nikachoka, nikamleta bwana mifugo. Akapasua kuku aliyekufa asubuhi hiyo, akatuonyesha koo lililojaa vipele vyeupe.

"Hawa wamekosa vitamini A. Mahindi meupe hayana, na huo unga wenu umeshaharibiwa na jua. Majani mabichi wanapata?"

Dada akamtazama mumewe.

Daktari akakohoa. "Hata mimi nilishuku hivyo tangu mwanzo."

Nilitaka kumzaba kofi. Dada akanitangulia.

"Ulishuku? Ukaniacha nizike kuku arobaini?"

Daktari akainama, akajifanya anamkagua kuku aliyepasuliwa.

"Na hawa wasioona?" dada akamuuliza bwana mifugo.

"Walioanza juzijuzi watapona. Ambao macho yameshaharibika, hapana, dada yangu."

Dada akachuma mchicha tele, akaingia bandani, akamfungia mumewe nje. Kuku wanaoona wakamkimbilia. Vipofu wakafuata kelele za wenzao, wakawa wanagonga ukuta. Dada akaketi chini kwenye maranda, akawashika mmoja mmoja na kuwalisha kwa mkono, huku analia. Daktari alikuwa mlangoni, anamweleza namna ya kuwashika.