Pombe ambayo mama mdogo hakuionja, na koo la mama lililopiga filimbi

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni bibi kizee, nachapa kwa kidole kimoja, mtanivumilia. Hii siyo chai, niliishuhudia mwenyewe.

Miaka ya sitini, kwetu Mulanda, upande wa Tororo. Baba alikuwa na wake wawili: mama yangu, na mama mdogo aliyetoka Buhehe, karibu na Busia.

Kwetu pombe ya wimbi hunywewa kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Aliyepika ndiye huonja kwanza mbele ya wageni. Asipoonja, hapo kuna jambo.

Sasa baada ya mavuno mama mdogo akapika. Alikuwa ameokoka juzijuzi tu, pombe hagusi. Akaweka chungu, akaenda zake. Mama akanywa.

Wiki haikuisha, sauti ya mama ikakauka. Kisha kila akivuta pumzi koo linapiga filimbi, wala siyo kukoroma, mtu yuko macho kabisa!

Kesi ikafungwa palepale: kalishwa sumu.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikaanza kukumbuka mambo. Mbona alicheka vile? Mbona aliosha chungu mapema? (Jamani, ukishashuku, hata kuosha vyombo ni ushahidi.)

Mama mdogo akafukuzwa, akarudi Buhehe na mtoto mgongoni.

Mama akapewa dawa ya kutapisha. Akatapika hadi akaishiwa nguvu, na filimbi ikazidi. Nililia, maana nilimwona anakufa.

Tukampakia kwenye lori la pamba hadi hospitali. Daktari akamulika koo kwa kioo kidogo. Tukamwambia ni sumu. Akaweka kioo kando, akasema, "Mama, lete mikono."

Nikamshuku na yeye. Mtu hapumui, wewe unataka mikono?

Vidole vya mama vilikuwa vimevimba na kupinda kwa miaka. Asubuhi hata mwiko hashiki mpaka jua lipande. Sisi tulisema ni jembe. Hakuna aliyewaza kumtajia daktari, mkono ni mkono na koo ni koo.

Kumbe ni baridi yabisi. Akatueleza kwamba mwili unajipiga wenyewe kwenye maungio, na kooni, pale sauti inapotokea, pana maungio madogo pia. Yakivimba na kukaza, njia ya pumzi haifunguki. Akamtoboa shingo, akaweka bomba apumulie, akampa na dawa za kupunguza uvimbe.

Mama alipojifunza kuongea kwa kuziba bomba kwa kidole, neno la kwanza lilikuwa, "Nipeleke Buhehe."

Tulipofika, mama mdogo alipiga magoti kutusalimu, akaleta uji. Kabla hajampa mama, akapeleka kibuyu mdomoni kwake aonje, huku anatutazama sote.

Mama akamnyang'anya. Akaziba bomba la shingoni. "Mdogo wangu, kwangu usionje tena." Akanywa uji wote.

Basi wakuu, ukiwa na mgonjwa wa baridi yabisi, sauti ikakauka na pumzi ikaanza filimbi, kimbilia hospitali, na uwaonyeshe mikono yake. Mchawi mtamtafuta baadaye, kama bado mnamhitaji.

Kwenu nani alifukuzwa kwa ajili ya ugonjwa wa mwingine? Andikeni, nitajibu wote, ila polepole. Vidole vyangu navyo vimeanza kupinda.