Chombo Kisicholia

Askari waliopita hospitalini kwetu Butembo hawakuchukua dawa nyingi, kwa kuwa dawa zenyewe zilikuwa chache. Walichukua magodoro, betri ya redio ya mawasiliano, na sanduku la chuma lililokuwa katika chumba changu cha kupimia wanawake. Nadhani waliliona linang'aa wakafikiri lina kitu cha thamani. Ndani yake mlikuwa na spekulumu zetu zote, vile vyombo vyenye midomo miwili kama ya bata ambavyo sisi wakunga hutumia kufungua njia ya uzazi ili tuone mlango wa kizazi. Baadaye watu waliziokota mtaroni, zimepindwa na magurudumu ya lori. Moja tu ndiyo iliyokubali kufunguka tena.

Moja, kwa wanawake wote waliokuwa wakija kwangu. Kila nilipomaliza na mmoja niliitumbukiza kwenye maji ya kuchemka juu ya makaa, halafu nikaanza kuzunguka chumba. Natoka mlangoni, narudi, nafunua sufuria, nafunika. Kwenye benchi wengine wananitazama. Jenereta iliwashwa kwa ajili ya upasuaji peke yake, na ile sufuria kubwa ya mvuke ya kuulia vijidudu ilikuwa imechakaa mpira wa kifuniko. Mvuke ulivuja pembeni kwa sauti ya kuzomea, na mimi sikuiamini tena. Wanawake wa miezi ile walitoka mbali. Wengine walitembea kutoka pande za Kasugho, wakijificha msituni mchana. Walikuwa wametendewa na watu wenye bunduki mambo ambayo wengi wao hawakuyataja. Walisema tu, "Balinikamata," yaani walikamatwa. Hiyo ilitosha. Niliogopa ukimwi. Niliogopa kutoa ugonjwa kwa mmoja na kumpa mwingine kwa mkono wangu mwenyewe.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Mususa, nilikuwa nikiosha sahani moja mara kwa mara mpaka mume wangu ananinyang'anya kitambaa.

"Ikala kidogo," alikuwa akiniambia. "Hauikalake hata kidogo?"

Nilikuwa nakaa, kisha najikuta nimesimama dirishani nikisikiliza kama kuna magari ya askari yanapanda kutoka upande wa Beni.

Siku moja asubuhi daktari wetu aliniita. Alikuwa mpasuaji, mtu mrefu mwenye maneno machache yaliyochanganyika na Kifaransa, na vita vilikuwa vimemfanya aongee machache zaidi.

"Mama," alisema, "kule Beni kuko mama moja wa biashara, anatoshaka bintu Kampala. Iko na spekulumu za plastiki, za kutumia mara moja na kutupa. Kanisa imekubali kutusaidia. Mais lazima tuchague aina moja, donc hospitali ya huku na ya Beni banatumia ileile. Utaenda na mimi?"

Nilikubali kabla hajamaliza.

Barabara ilikuwa wazi siku hiyo, walivyosema madereva, na kila mtu alijua kwamba wazi maana yake ni wazi hadi sasa. Gari la hospitali liliteremka kwenye matope mekundu, tukapita malori yaliyozama hadi ekseli na watu waliobeba magodoro vichwani wakielekea upande tuliotoka. Sikuuliza wanakimbia nini. Baridi ya Butembo ilibaki nyuma, nikavua sweta, nikaikunja, nikaivaa tena, nikaivua. Daktari alinitazama, akatazama barabara.

Yule mama wa biashara alitupokea dukani kwake karibu na soko la Beni, akatufungulia katoni juu ya meza, pikipiki zikinguruma nje. Alikuwa na aina tatu. Moja tuliiweka kando palepale: nilipopitisha kidole gumba kwenye ukingo wake nilihisi mshono wa plastiki, mkali kama ukucha uliovunjika. Zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa angavu kama glasi na ngumu. Ukibana mpini wake, midomo inafunguka kwa vituo, na kila kituo inajishika yenyewe. Ya pili ilifunguliwa kwa kuzungusha skrubu ndogo, polepole, mpaka ifike unapotaka.

Daktari aliishika ile ya kwanza, akaipinda kwa nguvu zake zote. Haikuvunjika.

"Hii njo ya kazi," alisema. "Mukono moja inafungua, mukono ingine inabaki huru."

Nilimwelewa. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi peke yake, tochi ikiwa kati ya meno. Hata mimi niliipenda. Lakini nilisikia vibaya kuamua hivyo, tumesimama mbele ya meza ya duka, kama watu wanaochagua vijiko. Nilimwomba yule mama atupe pakiti chache za kujaribia, na nikamwomba daktari tupite kwanza kwenye hospitali ya Beni.

Kule kulikuwa na mkunga niliyesoma naye, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, mkubwa kwangu kwa umri. Kwa heshima nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Nilimwambia nilichotaka.

"Yaya, sisi njo tutabaingizia bamama hii kintu. Tujipime sisi kwanza."

Alicheka. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka, akaenda kufunga mlango kwa ufunguo. Ilikuwa adhuhuri, nje tulimsikia daktari akiongea na mlinzi juu ya bei ya mafuta.

Nililala mimi kwanza. Nilikuwa nimepima wanawake kwa miaka mingi na nimezaa watoto wangu, lakini sikumbuki kama niliwahi kuitazama kwa makini dari ya chumba kama kile. Plastiki haikuwa baridi kama chuma. Hilo lilikuwa jema. Yaya alikuwa na mkono mwepesi. Kisha akabana mpini.

Tra. Tra. Tra.

Sijui niliinukaje. Nilijikuta nimeketi nusu, magoti yamefungana, nimemkamata mkono kwa nguvu mpaka akaguna. Nilikuwa najua kinachofanyika. Nilikuwa nimekiomba mwenyewe, mlango umefungwa, na mtu ninayemwamini. Lakini sauti ile ilikuwa ya bunduki inayokokiwa. Hapakuwa na mtu katika nchi yetu ya miaka ile asiyeijua, hata watoto wachanga walikuwa wakinyamaza wakiisikia.

"Umesikia?" nilimwuliza.

"Nimesikia."

Tulibadilishana, kwa pakiti mpya. Yeye alijua kabisa kwamba sauti inakuja, na hata hivyo ilipolia mara ya pili alifumba macho akasema, "Tosha. Tosha kwanza." Nikaitoa, nikangoja. Nikafungua pakiti ya ile ya skrubu. Niliizungusha taratibu, na chumbani hapakusikika kitu isipokuwa pumzi zake, ambazo zilikuwa za haraka, kisha zikapungua.

Tulimweleza daktari barazani. Alichukua ile yenye vituo, akatugeuzia mgongo, akaibana karibu na sikio lake mwenyewe. Nilimwona bega likishtuka kidogo. Hata hivyo hakukubali upesi, na nisingemheshimu kama angekubali upesi.

"Mama anayetoka damu hana muda ya skrubu," alisema. "Atakufa wakati uko nazungusha."

"Ule anayetoka damu hapana kusikia, Docta. Mara mingi iko karibu kuzimia, ao umemulalisha na dawa. Mais wale ba kwangu beko macho. Beko macho sana."

Alitembea hadi mwisho wa baraza na kurudi. Nilitembea naye, kwa sababu sikuweza kutulia mahali pamoja.

"Ya skrubu basi, kwa bote," alisema mwishowe. "Na kidogo tu ya ile ingine, kwa chumba ya kupasulia. Mikono yangu itajifunza."

Tulinunua, tukarudi na katoni zimejaa garini hadi kwenye miguu yetu. Kabla ya kuanza kupanda kuelekea Butembo tulikuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo, mti uliolazwa barabarani na askari vijana ambao sikutambua ni wa upande gani. Mmoja alipasua katoni kwa kisu.

"Eloko nini oyo?" aliuliza kwa Kilingala, hiki ni kitu gani.

Daktari alianza kujibu kwa Kifaransa, nikamtangulia. "Ya kupima bamama ku hospitali."

Alirarua pakiti, akatoa chombo, akazungusha skrubu, midomo ikafunguka mbele ya uso wake. Wenzake walicheka na kusema maneno ambayo sitayaandika. Kilichonijaa kilikuwa hasira, maana chombo kile sasa kilikuwa kimeharibika na mwanamke fulani angekikosa. Yule kijana hakucheka. Alikigeuza mkononi kwa muda.

"Inaumizaka?" aliniuliza, kwa Kiswahili, sauti ya chini.

"Ukifanya polepole, na mama akikubali, haiumizi."

Alikirudisha kwenye katoni, akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Leka, mama." Tupite. Mpaka leo sijui kwa nini aliuliza, na njia nzima nililifikiria swali lile kuliko bunduki zao.

Wiki zilizofuata nilijifunza kazi upya. Pakiti niliifungua mbele ya macho ya mwanamke mwenyewe, nikampa chombo akizungushe kabla sijakitumia, ingawa ilimaanisha kutumia viwili kwa mmoja, kimoja cha kushika na kingine safi. Daktari alilalamika juu ya hilo, kwa haki, kisha akaacha.

Namkumbuka mmoja aliyekuja na mama mkwe wake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, vidole vikisokota ncha ya kitenge.

"Kisha mimi, utapima mwingine na hii?" aliuliza.

"Hapana. Nitaitupa."

"Iko yangu peke yangu?"

"Iko yako."

Alilala. Mara mbili aliniambia ningoje, nikangoja, na mara ya tatu aliniacha niendelee. Niliona kidonda kilichokuwa kikimfanya avujishe mkojo tangu msimu uliopita, kidonda ambacho daktari wetu angeweza kukishona. Nilipomweleza, hakulia. Alinyoosha kidole kwenye beseni nilimoweka kile chombo.

"Nataka kuona unaitupa."

Kwa hiyo tulikwenda nyuma ya hospitali sote watatu, yeye, mama mkwe na mimi, hadi kwenye shimo la takataka tulikokuwa tukichoma. Moshi wa plastiki ulikuwa mweusi na unachoma koo. Majirani walikuwa wakitulalamikia kila siku. Yule mwanamke aliitazama midomo ile ikilegea, ikajikunja, ikawa tone. Upande wa Beni mizinga ilikuwa ikisikika tena, mbali, na nilikuwa nikihesabu kichwani katoni zilizobaki. Yeye alikuwa hasikilizi mizinga. Alikaza kitenge chake, akaniuliza daktari atampasua siku gani.

Alipasuliwa, kidonda kikafunguka, akapasuliwa tena. Mara ya pili kilishika. Aliondoka asubuhi moja akiwa na gauni kavu, akimtangulia mama mkwe wake kwenye njia ya kuelekea nyumbani kwao.