Melkior, bani lake na nyota inayolipuka

Mdogo wangu Melkior amekausha tumbaku hapa Katumba misimu thelathini na mmoja, na bani lake halijaungua hata mara moja. Yapo yaliyoungua. Wenyewe nawajua, ila siwataji kwa kuwa bado tunasali kanisa moja.

Bani ndiyo nyumba ya kukaushia. Majani yanatundikwa juu, na chini linapita bomba la moto kutoka tanurini. Jani likikauka hudondoka juu ya bomba. Moja si kitu. Yakirundikana, msimu wote umekwenda na moshi. Ndiyo maana Melkior huingia na ufagio kila mara, na ufagio huo anauringia kuliko askofu na fimbo yake.

Mwezi wa tatu mwaka huu binti yake Specioza, anayesoma mambo ya nyota chuo kikuu, alikuja likizo. Tukakaa mlangoni pa bani baada ya chakula cha mchana.

"Kuna nyota ilikufa, Baba, ikajibana. Upana wake ni kama kutoka hapa mpaka Mpanda mjini, kilomita ishirini hivi tu, lakini ni nzito kuliko jua."

"Nani aliipima?" Melkior akauliza.

"Wasomi wa nyota. Sasa, inanyonya gesi ya nyota jirani."

"Kumbe mwizi."

"Ile gesi inarundikana juu yake, inabanwa, inapata joto. Halafu ghafla yote inalipuka. Inatoa eksirei, kama ile ya hospitali, ila nyingi mno."

"Na nyota yenyewe inaungua?"

"Haiungui. Baada ya saa chache imeshajirundikia tena, inalipuka tena."

Melkior akasogeza kigoda. Akataka kujua kwa nini jirani hashitaki, na kwa nini nyota yenyewe isifagie. Specioza akamchorea chini kwa kijiti. Mimi darasa langu la saba ni la zamani, la walimu wenye bakora, kwa hiyo nilielewa mara ya kwanza. Yeye alielezwa mara tatu.

Hapo nikasikia harufu.

"Melkior, umefagia saa ngapi?"

Aliruka mchoro wa binti yake, akaingia ndani. Tukamsikia anakohoa na kutukana kwa Kirundi cha wazazi wetu, maneno ambayo marehemu mama asingependa niyaandike. Akatoka na karai la majani yanayofuka, nyusi moja imepungua. Kule juu hakuna jani lililoshika moto.

"Dada, huo ulikuwa moshi. Siyo moto," akaniambia.

"Kwani mimi nimesema nini?"

"Baba ungekuwa nyota ungeshalipuka," Specioza akasema.

"Nyota ikilipuka inabaki nyota. Mimi ningebaki na nini?"

Akabeba kigoda chake, akakiweka ndani, karibu kabisa na bomba.

"Endelea kutokea hapo hapo mlangoni, mwanangu. Nasikia."

Specioza akaendelea, akipaza sauti, maana ufagio haukunyamaza tena.