Gita la Dada na Waya Mwembamba Kuliko Unywele

Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, si wa kushona, ingawa haukupita mwezi bila mgeni wa mtaa kumletea kitambaa akitaka suruali. "Mimi natibu mashine, sivalishi watu," aliwajibu, nao wakacheka wakaenda zao. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameinamia meza ileile iliyolowa mafuta, na kitu alichojivunia ni kimoja tu: hakuwahi kumrudishia mtu mashine na kumwambia imenishinda.

Mwaka ule alikutana na jambo lililomshinda, nalo lilikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye chumba cha uani.

Alikuwa dada yake. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka tisa na dada kumi na saba, na tangu siku hiyo dada ndiye aliyempikia, aliyemfokea, aliyemshika sikio mpaka shuleni. Dada alijaliwa mtoto mmoja tu, binti, akakua akawa nesi. Jumanne moja binti huyo alirudi kutoka kazini akilalamika kichwa. Ijumaa wakamzika.

Makaburini dada hakutoa hata chozi. Watu walisema ana moyo wa chuma. Fundi alimchukua akamleta kwake, akampa chumba cha uani chenye dirisha la kuangalia kamba ya nguo. Dada akapanda kitandani, akageukia ukuta, na tangu hapo hakusema neno. Chai alikunywa nusu kikombe. Mkate aliushika mkononi mpaka ukakauka.

Zahanati walimpima. Kilo arobaini na sita. Wiki mbili baadaye, arobaini na tatu. Daktari, mwanamke mpole mwenye haraka, alimvuta fundi pembeni.

"Dawa nimempa, lakini zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Msimwache peke yake. Akishuka chini ya arobaini, msisubiri, mleteni tumlaze."

"Lakini anaumwa nini hasa, daktari?"

"Amefiwa, mzee wangu," alisema daktari, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Fundi alirudi nyumbani na jibu hilo na hakujua aliweke wapi.

Nyumba aliyokuwa amepanga dada ilibidi irudishwe kwa mwenyewe, kwa hiyo fundi akaenda kuhamisha vitu. Nyuma ya kabati, chini ya magodoro mawili, alikuta sanduku refu jeusi, zito kama mfuko wa saruji. Alilitambua mara moja, akakaa chini sakafuni.

Ujana wake dada alikuwa mwanamuziki wa bendi ya dansi, lakini hakuimba wala hakucheza jukwaani. Alipiga gita la ajabu ambalo watu wengi hawajawahi kuliona: halipakatwi, linasimama kwa miguu minne kama meza, lina nyuzi kumi, na mpigaji anakaa nyuma yake kama mtu anayeshona. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Chini kuna pedali tatu za kukanyagia, na kwenye magoti kuna nyenzo za kusukuma huku na huku, na vyote hivyo huvuta nyuzi zikiwa bado zinalia, sauti ikapinda, ikapanda, ikashuka kama mtu anayebembeleza. Dada aliliacha binti alipofika miaka miwili, akasema safari za bendi na mtoto haviendi pamoja. Halikuguswa tena.

Alipolifikisha nyumbani, sanduku lilimponyoka mlangoni mwa chumba cha uani. Vifungo vyake vya chuma vikagonga sakafu, vikafunguka kwa mlio mkali. Na kitandani, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, dada akageuza kichwa. Aliliangalia sanduku. Macho yakakaa pale kama pumzi tatu hivi. Kisha akarudi ukutani.

Mtu mwingine asingeona kitu. Fundi aliona mlango wa kumfikia.

Kesho yake alilibeba gita mpaka karakana yake ya mbele ya nyumba, akaliweka juu ya meza, na vyerehani vya wateja akavisukumia ukutani. Hali ya gita ilikuwa mbaya. Mbao yake ngumu ya rangi ya asali ilikuwa imepasuka rangi. Nyuzi saba zilikatika, tatu zilizobaki zilikuwa kutu tupu. Panya walijenga kiota chini yake. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kwenye fimbo za chuma zinazounganisha pedali na nyuzi, yakawa kama gundi ya kahawia, na hapo angalau alikuwa nyumbani: gundi hiyo aliijua, ndiyo inayoua vyerehani vya watu wasiotia mafuta. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akapanga kila kipande juu ya gazeti kwa mpangilio wake, akaloweka kwenye mafuta ya taa, akasugua kwa mswaki.

Alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Kifaa kimoja kinachobeba uzi kilikuwa na ufa, na alipokigusa kikagawanyika viganjani mwake kama biskuti. Kipande kama hicho hakipatikani dukani. Akakata bati nene la alumini kwenye mfuniko wa cherehani kilichokufa, akalichonga kwa tupa siku mbili nzima, na siku zote hizo alikuwa akijisemea kwamba hiki kikikaa sawa, Dada atakula. Kikikaa sawa, Dada atakula. Kilikaa sawa. Dada hakula. Zahanati ikasema arobaini na moja na nusu.

Mkewe ndiye aliyemwosha dada, aliyembadilisha shuka, aliyekaa naye akimchambulia habari za majirani bila kujibiwa. Mchana mmoja alikuja karakana na kikombe cha supu kilichorudi kama kilivyokwenda, akakiweka mezani katikati ya vyuma.

"Nikuulize kitu. Unamtengeneza wifi au unatengeneza gita?"

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Leo umeingia chumbani kwake mara ngapi?"

Fundi akaokota tupa, akaiweka chini.

"Hujaingia," alisema mkewe. "Jana hukuingia. Unajificha huku mume wangu, na mimi sikulaumu, kule ndani kunatisha. Lakini usiniambie ni kitu kimoja."

Fundi alitaka kukasirika. Alitafuta hasira akaikosa.

Hakujua nyuzi zile huwekwa sauti gani, na pedali ipi huvuta uzi upi, kwa hiyo alimtafuta mtu mmoja aliyebaki wa bendi ile, mpiga besi, ambaye siku hizi anauza rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mpiga besi alikuja na nyuzi kumi mpya na amplifaya ndogo iliyofungwa kwa kamba, akaandika sauti zote kumi kwenye ukurasa wa daftari, akazunguka meza mara mbili akicheka peke yake kwa furaha. Kisha akaona sanduku likiwa wazi sakafuni, na kitambaa chake chekundu kilichochakaa, na kicheko kikamkatika.

"Na hili bado lipo! Mtoto alikuwa analala humu."

"Mtoto yupi?"

"Binti yake, nani mwingine. Tukipanda jukwaani anamlaza ndani ya sanduku, mfuniko wazi, nyuma ya spika. Kelele zote zile na mtoto fofofo! Tukimaliza, Dada anafunga vile vifungo kwa nguvu, ta, ta, mtoto anajua tunaondoka, anacheka." Akamwangalia fundi. "Hakuwahi kukwambia?"

Mpiga besi alipoondoka, fundi alibaki amesimama akiliangalia sanduku. Kumbe alichoona kwenye macho ya dada hakikuwa mlango. Alikuwa amemletea mama aliyefiwa kitanda cha mtoto wake, akakiangusha mbele yake kwa kishindo, halafu akakaa wiki tatu akijisifu kwamba anatafuta dawa. Alitaka kulipeleka gita mbali, kwa mwuza vyuma chakavu, popote, lisionekane tena. Hata shuka alilifunga. Lakini hakulibeba. Alikaa juu ya kigoda na kichwa mikononi mpaka mteja aliyekuja kuulizia mashine yake akarudi kimyakimya alikotoka.

Siku iliyofuata, baada ya kunywa chai, alifanya jambo ambalo hata yeye hakulielewa vizuri. Alilibeba gita akaliingiza chumba cha uani. Akarudi akachukua cherehani cha mguu. Akarudi tena akachukua meza ndogo na kisanduku cha vifaa. Dada alikuwa amegeukia ukuta, mabega yake yametokeza chini ya shuka kama vibao.

"Dada," alisema, "mpiga besi amenieleza habari za sanduku. Sikujua. Nisamehe. Ukitaka nilitoe gita hili, inua mkono tu."

Alisubiri. Mkono haukuinuka. Akakaa, akaanza kazi iliyobaki, ambayo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote.

Kinachosikiliza nyuzi kwenye gita lile ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu tisa na ushee. Waya huo ulikuwa umekatika ndani, na bila huo gita lilikuwa meza. Fundi alikuwa amenunua kwa mwuza chakavu simu za mezani za zamani, akachomoa waya wa kengele zake. Akafunga sumaku kwenye kile kidude cha cherehani cha kuzungushia uzi kwenye bobini, akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akiushika waya kwa kidole gumba na cha shahada. Ulikatika kwenye mzunguko wa mia saba. Akaanza upya. Ulikatika kwenye elfu mbili. Vidole vyake vilikuwa vinene, vigumu, vilivyozoea bisibisi. Akiukaza waya unakatika, akiulegeza unafungana. Mara ya tatu alipita elfu nne, jasho likimchuruzika puani, na ukakatika.

Waya uliobaki ulitosha mara moja tu.

Aliweka mikono mapajani. Na pale, mtu aliyefika miaka hamsini na minne bila mkewe kumwona akilia, alilia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa.

"Mimi sijui tena, Dada. Sijui. Nimejaribu kila kitu ninachokijua na ninachokijua ni vyuma. Unaniondokea hivihivi naangalia. Ulinilea, na mimi kukulisha kijiko kimoja cha supu nimeshindwa. Imenishinda. Unasikia? Imenishinda."

Kitanda kikalia. Fundi hakuinua uso, alidhani anajigeuza. Kisha akaona miguu sakafuni karibu na yake, miembamba, kucha ndefu. Dada alikuwa amesimama akishikilia ukingo wa meza. Akavuta kigoda, akakaa. Akanyoosha mkono, akaushika waya kati ya vidole viwili, vidole vilivyowahi kujua uzi unataka nini kabla haujakatika, akamwashiria kwa kichwa: zungusha.

Akazungusha. Mke alichungulia mlangoni, akaziba mdomo kwa kanga, akarudi nyuma bila kutoa sauti. Kazi ile ilichukua mchana wote. Mara mbili dada aliishiwa nguvu, wakapumzika, waya ukiwa bado mkononi mwake kama kitu kinachopumua. Ulipofika elfu tisa na ushee fundi akaufunga, akaunganisha, akakaza nyuzi kumi mpya kama ulivyosema ukurasa wa daftari, akawasha amplifaya.

Dada alikaa nyuma ya gita. Akaweka kipande cha chuma juu ya nyuzi, akagusa uzi wa tatu. Sauti ikatoka, nyembamba, safi, ikajaa chumba. Akaweka mguu kwenye pedali ili aipandishe, na pedali haikushuka. Akajaribu tena. Mguu ulitetemeka tu. Hakuwa na uzito wa kuikanyaga.

Alimwangalia mdogo wake, na uso ule fundi hakuwahi kuuona, uso wa mtu anayezama.

Fundi akapiga magoti, akaingia chini ya gita, akashika pedali kwa viganja vyote viwili. "Niambie lini," alisema.

Dada akapiga uzi. "Sasa," alisema kwa sauti iliyokwaruza, na fundi akaikandamiza. Sauti ikapinda, ikapanda pole, ikakaa juu ikitetemeka. Na juu yake, dada akalitaja jina la binti yake. Akalitaja tena. Kisha kikamtoka kilio ambacho makaburini hakikutoka, kilio kirefu kilichowatoa majirani ndani ya nyumba zao, na mkewe fundi akaingia mbio akamkumbatia wifi yake kwa nyuma. Fundi alibaki kule chini, ameshika pedali, hathubutu kuiachia.

Hakupona siku hiyo, na asije mtu akasema alipona. Usiku huo alikula kipande cha mkate. Wiki mbili baadaye alirudi ukutani, akashuka chini ya arobaini, wakampeleka hospitali, akalazwa siku tisa na dripu mkononi. Fundi alifunga karakana siku zote tisa, akakaa kwenye benchi la wadi. Dada alirudi na kilo arobaini na mbili, na dawa alizokunywa kwa kusimamiwa. Mpaka leo kuna asubuhi chumba cha uani hakifunguliwi, na anayepita hupita kwa kunyata.

Lakini mwezi uliopita mteja mmoja, mshona sare za shule, alikuja kuchukua cherehani chake akasikia sauti ikitoka uani. Haikuwa wimbo, ilikuwa sauti moja ikipandishwa, ikishushwa, ikirudiwa.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Dada yangu," alisema fundi. "Ni mgonjwa. Leo ameamka."

Mashine ya mteja ilikuwa tayari, imefutwa, imetiwa mafuta. Lakini mteja hakuichukua. Alivuta kigoda, akakaa, akasikiliza.