Bakuli la Uajemi katika Tangi la Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Ruiru, nilipewa mswaki. Mswaki wa meno, mpya kabisa, pamoja na karai la maji na gunia la vigae. "Sugua pale kilipovunjika," Mkuu wa Maabara akaniambia, "na usiutie mdomoni." Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma na suruali iliyopigwa pasi, nikidhani naenda kuwa mwanasayansi. Niliosha vigae mpaka jioni kwa hasira.

Nyinyi mnaosoma akiolojia leo mna mashine za kila aina. Sisi, miaka ya hamsini, maabara yetu ilikuwa stoo ya mabati kando ya kiwanda cha kahawa. Vigae vililetwa kwa lori kutoka magofu ya miji ya pwani. Vilikuwa vyombo vya Waislamu wa kale. Vingine vilifinyangwa huko huko pwani, vingine vilivuka bahari kutoka Uajemi na Yemeni. Watu waliniuliza mbona vije kukaa kwa Wakikuyu. Jibu lilikuwa rahisi tu: stoo ilipatikana huku.

Kazi ilikuwa kujua kipi kimetoka wapi. Tulikata kipande chembamba, tukakisaga mpaka mwanga ukapita, kisha tukakitazama kwa hadubini. Mchanga uliochanganywa kwenye udongo haudanganyi; kila nchi ina wake. Vyombo vya Uajemi vilijulikana pia kwa ule utando unaong'aa juu yake, ambao kazini tuliuita kioo. Nilijifunza haya yote kutoka kwa Mkuu, Mwingereza aliyekaa pwani hadi Kiswahili chake kikanishinda mimi. Alikuwa mkali, lakini swali lako alilijibu hata kama ni la kijinga.

Huko Ruiru, Mkuu aliunganisha bakuli moja la Uajemi, la rangi ya samawati, lenye maandishi ya Kiarabu ukingoni yanayomtakia baraka mwenye chombo. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama kucha. Miaka miwili alikaa nalo, akitumia gundi ya mifupa. Tulipohamishiwa Thika, kwenye nyumba ya mawe karibu na maporomoko ya Chania, alilipakata njia nzima. Mimi nilikuwa nimepandishwa kuwa Msaidizi wa Maabara. Yeye alibakisha muda mfupi astaafu, na alitaka jambo moja tu: kumkabidhi Mkaguzi wa Mambo ya Kale bakuli zima, kwa mkono wake, kabla ya kupanda meli.

Kikaingia kiangazi. Thika ikikauka, jamani, hata midomo inapasuka. Asubuhi moja nikaona unga mweupe kwenye bakuli, na chini yake, mezani, chembe za samawati.

"Bwana Mkuu, ni chumvi," nikamwambia.

"Ni vumbi la barabara ya Gatuanyaga. Funga dirisha."

"Vumbi halina ladha hii."

Akainua kichwa. "Wafula, umelilamba bakuli langu?"

"Kidogo tu, Bwana Mkuu."

Hakucheka. Kigae kilichokaa karne nyingi karibu na bahari kimekunywa chumvi. Kule pwani hewa ina unyevu, chumvi inatulia. Huku bara hewa ikikauka, inatoka nje kwa nguvu na kuusukuma ule utando wa kioo mpaka ubanduke. Dawa yake ni moja, kukiloweka majini wiki nyingi kabla ya kukiunganisha. Mkuu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ila bakuli lile alikuwa amelipenda mno, akaliunganisha bila kuliloweka, na stoo ya Ruiru, kando ya kiwanda chenye maji mengi, ilikuwa na unyevu; halikuonyesha dalili yoyote.

Tuliosha unga ule kwa maji kidogo, tukatia tone la dawa ya fedha aliyonifundisha mwenyewe, ambayo hugeuza maji yenye chumvi kuwa meupe. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele.

"Likiingia majini, gundi itayeyuka," akasema.

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Litakuwa vigae tena. Na mimi naondoka mwezi ujao."

"Ndiyo."

"Toka nje."

Nilitoka. Kusema kweli nilimwonea huruma, lakini kila siku iliyopita ilikuwa inakula samawati. Kama angeliacha, Mkaguzi angepokea bakuli zima na mwaka ule ule kubaki na udongo mtupu. Kesho yake nilimkuta mlangoni, bakuli mikononi, lori linanguruma. "Ruiru," akasema. Bomba letu la Thika lilikuwa likitoa maji kwa zamu, lakini kule kiwandani kulikuwa na matangi ya kuoshea kahawa, yenye maji yapitayo, na mavuno yalikwisha.

Nyapara wa matangi, Kariuki, alishika kiuno. "Ngai, Mungu wangu! Vyombo vya marehemu kwa tangi ya kahawa? Wazungu wakinywa hiyo kahawa waanze kuota Waarabu, Wafula, utanitetea?" Hata hivyo akachukua brashi, akalisugua tangi mwenyewe mpaka sakafu ikang'aa.

Nilinyoosha mikono nimsaidie Mkuu. Akakataa. Aliliweka bakuli kwenye chekeche ya waya, akalizamisha yeye mwenyewe, akabaki amelishika. Tulikaa pale. Alasiri kiungo cha kwanza kikaachia, kisha cha pili, na mpaka tunaondoka lilikuwa lundo la vigae. Kariuki alivua kofia.

Siku ya safari yake Mkuu alipitia tena tangini. Nikatia tone la dawa; maji yakawa meupe.

"Bado?"

"Bado, Bwana Mkuu."

"Basi usifanye haraka kama mimi." Tukapeana mikono, akaenda. Nililia, sioni haya kusema.

Chumvi iliisha baada ya mvua ndefu kupita. Nikakausha, nikaunganisha taratibu, na Mkuu mpya akalipokea. Mzee, yule Mkuu wa zamani, nilimpelekea habari kwao Uingereza. Picha sikuwa nayo. Kariuki alitaka kuja kuliona, lakini zilikuwa siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, Mkikuyu hatoki Ruiru kwenda Thika bila pasi, naye alinyimwa.

Baadaye nilipelekwa pwani, kisha ng'ambo kusoma, nikarudi nikawa Mkuu mimi mwenyewe. Siku ya kuniaga kazini walinisifu kwa bakuli lile, kwamba mikono yangu haina mfano. Niliwaambia, na nawaambia nyinyi: kuunganisha ni subira tu, na subira hufundishika. Lakini kuchukua kazi yako ya miaka miwili na kuizamisha kwa mikono yako, ukijua hutaiona tena ikiwa nzima, hilo maishani mwangu sikuwahi kuombwa. Na sijui kama ningeweza.