Mfuta Vioo na Kokoto la Mwezini

Kila asubuhi kabla makumbusho hayajafunguliwa, mfuta vioo huanza na kabati lenye kokoto la mwezini, lililoletwa na safari ya mwisho ya watu kutua huko, Desemba 1972. Hukipumulia kioo, kisha hukifuta kwa kitambaa cha njano, duara ndogondogo, kama tulivyosafisha chemni za taa kwetu Moshi. Vidole vyake vimechubuka kwa dawa. Huimba puani na wimbo haumalizi.

Alhamisi iliyopita kokoto lilikuwa linahamishiwa stoo, na kwa utaratibu wetu wafanyakazi wa makumbusho kabati halibebwi mpaka yeye aseme kioo ni safi. Mama yangu, aliyenizaa Desemba hiyo hiyo, alikuwa amenitembelea huku ughaibuni na anarudi Tanzania kesho yake; alikuwa njiani kuja kuliona kokoto, na treni ilikuwa imemkwamisha stesheni ya Rayners Lane. Sikumwomba mfuta vioo kitu, nilimwambia tu. Wabebaji walipofika, alikipumulia kioo upya. "Bado kuna alama," alisema. Mmoja wao, Mkenya anayeishi mtaa wa Hayes, alicheka. "Dada, umefuta mara nne, na mimi sioni kitu." "Ndiyo maana wewe unabeba, mimi nafuta." Alifuta dakika ishirini na tano, mpaka mama akaingia akihema. "Shikamoo, mama. Sogea karibu," mfuta vioo alimwambia. Mama aliinama, akalitazama kokoto, kisha akanitazama mimi. "Mlifika duniani pamoja, wewe na hiki kijiwe," alisema, na pua yake ikaacha alama kwenye kioo. Mfuta vioo aliiona. Akakunja kitambaa chake na kuwaambia wabebaji, "Sasa kiko safi."