Pua Iliyoacha Kusikia

Gereji nzima ilimwita Fundi Pua, na jina hilo hakulipata bure. Enzi zake, ukishafungua boneti, yeye aliinama, akavuta pumzi moja, akakuambia klachi imeungua au petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Mwenyewe alikuwa mtu wa haya, hata salamu aliitoa akitazama viatu vyake. Jina lile ndilo kitu pekee alichoringia mbele za watu.

Asichojua mtu ni kwamba pua ile ilikuwa imekufa. Haikufa siku moja. Miaka mingi alikuwa akinyonya petroli kwa mpira na kuoshea nayo vyuma, mikono mitupu. Kwanza ilipotea harufu ya sabuni, kisha ya vitunguu, mwisho hata ya shati lake mwenyewe.

"Mboga inaungua na wewe umekaa hapo hapo!" mkewe alifoka siku moja.

"Nina mafua," akasema. Mafua hayo yalikuwa na mwaka wa tatu.

Mdogo wake wa kike alikuwa na gari la familia, lile refu la siti nane lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Alilitumia kubebea watoto wanne na mama mkwe. Asubuhi moja akaliingiza gereji, vioo vyote vimeshushwa.

"Kaka, gari linanuka petroli. Watoto wanaziba pua njia nzima."

"Haya Pua, tupe majibu!" akapaza sauti fundi rangi kutoka kwenye kona yake.

Akainama kwa mbwembwe, akavuta pumzi. Hewa tupu. Akavuta tena, macho yote yakiwa kwake.

"Ulimwaga kidogo ulipojaza tangi," akasema. "Itakauka."

Wiki ya pili mdogo wake akarudi.

"Kaka, sijamwaga kitu. Na tukikaa kwenye foleni ndiyo inazidi."

Angeweza kupapasa mipira ya mafuta kwa vidole, mmoja mmoja. Angeweza kumwambia fundi rangi, njoo uninusie. Badala yake akatania: "Wewe tangu utotoni unasikia harufu za ndotoni."

Mdogo wake akacheka kidogo. "Basi wewe ndiye fundi," akasema, akawafunga watoto mikanda.

Siku tatu baadaye, gari likashika moto mbele ya geti la shule. Mpira unaopeleka petroli kwenye injini ulikuwa na ufa, ukidondosha juu ya bomba la moshi lililokuwa la moto. Mama mtu aliwatoa watoto na mama mkwe. Mlango ukakwama akimtoa kitinda mimba, na mkono wa mtoto ukaungua kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Fundi Pua alimkuta mdogo wake kwenye benchi la hospitali, kiatu kimoja mguuni. Alitegemea matusi. Hakutukanwa.

"Kaka, kwani hukusikia?"

"Sikusikia," akajibu. Alimaanisha harufu, kwa pua. Ndiyo kwanza alitaka kueleza yote, mafua ya uongo na miaka ile mitatu.

"Najua hukusikia," akasema mdogo wake polepole. "Nilikuambia mara mbili."

Ni kweli, masikio yake yalikuwa mazima.

Siku hizi mteja akileta gari, jambo la kwanza anamwambia, akimtazama usoni: "Pua yangu haisikii. Niambie wewe unasikia nini, tangu lini." Kisha anapapasa kila mpira, hata kama gari limeletwa kwa ajili ya taa. Wenzake bado wanamwita Fundi Pua.

Mdogo wake alipata gari jingine, dogo. Hupita nalo nje ya gereji, humpigia honi ya salamu, na yule kitinda mimba hupunga mkono, ule ule wenye kovu: "Shikamoo mjomba!" Fundi huitikia marahaba, akisubiri taa ya kukunja kona iwake, gari liingie gerejini. Gari huenda moja kwa moja hadi kwa fundi wa mtaa wa pili.